Buti za Arnold Friend
Mwaka 1966, vijana wa Marekani walipokuwa wakifuga nywele na kuwapa wazazi wao kisogo, Joyce Carol Oates alichapisha katika jarida la Epoch hadithi fupi ya Connie, msichana wa miaka 15 anayefuatwa nyumbani na mwanamume aitwaye Arnold Friend. Chanzo kilikuwa Charles Schmid, muuaji wa Tucson, Arizona, aliyeshindilia vitu ndani ya buti ili aonekane mrefu. Friend naye huyumba katika buti zake, na pengine hapo ndipo penye hofu kuliko popote. Damu haimwagiki hata tone. Oates aliitabaruku hadithi hiyo kwa Bob Dylan. Filamu iliyotokana na hadithi hiyo, Smooth Talk ya 1985, inamrudisha Connie nyumbani.