Kiraka cha Februari Kilichofika Oktoba

Mwishoni mwa Oktoba 2007, wasimamizi wa mitandao katika kampuni nyingi waliingia kazini wakakuta kompyuta zinajikokota. Diski zilichakarika bila kupumzika, na simu kutoka kwa wafanyakazi hazikukoma. Chanzo kilikuwa programu ya kutafuta mafaili, Windows Desktop Search 3.01, ambayo ilikuwa imejisimika kwenye mashine moja baada ya nyingine na kuanza kupekua kila faili ili itengeneze faharasa yake. Kilichowakera zaidi ni kwamba jina hilo halikuwa geni kwao. Sasisho hilo lilitoka Februari mwaka huohuo, miezi minane nyuma, na walikuwa wameshalisahau.

Hakuna mdukuzi aliyevunja mlango. Programu ilipita kwenye WSUS, seva ambayo Microsoft huitoa bila malipo ya ziada kwa wenye Windows Server, ili kampuni ipokee masasisho yote mahali pamoja, iyachuje, kisha iyagawe kwenye kompyuta zake kwa idhini ya msimamizi. Bawabu mwenyewe ndiye aliyefungua. Na alikuwa na kibali mkononi, ila kilikuwa kimetolewa Februari kwa ajili ya kitu tofauti kidogo chenye jina lilelile.

Mafundi wa kompyuta huyaita marekebisho ya namna hii viraka, na neno hilo limekaa vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1944 Chuo Kikuu cha Harvard kilipokea mashine ya kukokotoa iliyoundwa na IBM, Harvard Mark I, yenye urefu wa zaidi ya mita 15. Maagizo yake yalitobolewa kwenye utepe wa karatasi, kila mstari ukiwa na nafasi 24 za matundu. Tundu likitobolewa mahali pasipostahili hakukuwa na kitufe cha kufuta. Lilizibwa kwa kipande cha karatasi. Utepe mmojawapo umehifadhiwa na taasisi ya Smithsonian huko Washington, na viraka vyake vinaonekana waziwazi kama kiraka kwenye goti la kaptura ya mwanafunzi. Kiraka cha aina ile kilikuwa na sifa mbili ambazo wajukuu zake wamezipoteza: kila aliyeushika utepe alikiona, na kikishabanduka hakikurudi chenyewe.

Kisha viraka vikaanza kusafiri. Mwaka 1985 Mmarekani Larry Wall, ambaye miaka miwili baadaye aliitoa lugha ya programu ya Perl, alisambaza programu ndogo aliyoiita patch. Haikubeba faili zima. Ilipokea orodha ya tofauti tu kati ya faili la zamani na jipya, ikazitia mahali pake, na hiyo ilikuwa nafuu kubwa zama ambazo laini ya simu ilipitisha data kidogo kidogo kama maji ya bomba la mgao. Hadi leo, programu hiyo ikihisi kwamba kiraka inachopewa kimeshatiwa, husimama na kumwuliza mtumiaji afanyeje. Adabu hiyo ya kuuliza ndiyo iliyokuja kukosekana.

Windows Update ilianza mwaka 1998 pamoja na Windows 98. Mtumiaji alifungua tovuti, akaona kilichopo, akachagua. Kwa mtu mmoja mwenye kompyuta moja nyumbani utaratibu huo ulitosha. Kwa ofisi yenye mashine 400 ulikuwa balaa, maana kila mashine ilikwenda yenyewe Marekani kuchota faili lilelile.

Halafu ikaja minyoo, yaani zile programu haribifu zinazotambaa kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila mtu kubofya chochote. Tarehe 19 Julai 2001 mnyoo Code Red uliambukiza kompyuta zipatazo 359,000 katika muda usiofika saa 14. Kiraka cha kuuzuia kilikuwa kimetolewa mwezi mmoja kabla. Septemba ukafuata Nimda. Januari 2002 Bill Gates aliwaandikia wafanyakazi wake waraka akiwataka watangulize usalama mbele ya madoido mapya, na mwaka huohuo ikatoka SUS, mama yake WSUS: seva ya kwanza ya Microsoft ya kugawa viraka vya Windows ndani ya kampuni.

SUS haikuwahi kuokoa jahazi. Tarehe 25 Januari 2003 ulizuka Slammer, mnyoo wa baiti 376 tu, mfupi kuliko aya moja ya makala hii. Mwanzoni idadi ya mashine ulizozikamata iliongezeka maradufu kila baada ya sekunde 8.5, na karibu zote zilizokuwa hatarini zilinaswa ndani ya dakika 10. Mashine za kutolea fedha za Bank of America zilikwama. Slammer ulipenya hata kwenye mtandao wa kinu cha nyuklia cha Davis-Besse huko Ohio, ambacho kwa bahati hakikuwa kinazalisha umeme wakati huo. Tundu ulilopitia lilikuwa kwenye SQL Server, programu ya hifadhidata ya Microsoft, na kiraka chake kilikuwepo tangu Julai 2002. Nusu mwaka mzima kiraka kinasubiri mtu wa kukishona! Ila SUS haikushughulika na SQL Server; ilijua Windows peke yake.

Agosti 2003 ukaja Blaster, na Oktoba Microsoft ikaweka ratiba: viraka vitatoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwa msimamizi wa mtandao wa Nairobi au Dar es Salaam hiyo ni saa mbili usiku, au saa tatu Marekani ikiwa katika majira yake ya baridi. Ndiyo maana viraka vya Jumanne, kwetu, kwa kawaida ni kazi ya Jumatano.

WSUS ilitoka mwaka 2005, ikiwa na mikono mirefu zaidi: Windows, Office, SQL Server, Exchange. Afrika Mashariki ilikuwa na sababu yake ya pekee ya kuipenda. Kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kuzinduliwa Julai 2009, eneo hili lilitegemea setilaiti, intaneti ya bei ghali na ya mwendo wa polepole. Seva moja iliyopakua kiraka mara moja usiku, kisha ikakigawa kwa mashine zote kupitia nyaya za ndani ya jengo, ilikuwa mkombozi wa bajeti kabla ya kuwa suala la usalama.

Namna inavyofanya kazi ndiyo inayoeleza vituko vyake. WSUS haipakui viraka kwanza. Inapakua habari zao. Kila sasisho lina kadi yake: jina, namba ya utambulisho, bidhaa linazohusu, masharti ya mashine inayostahili kulipokea, na masasisho mengine linayoyarithi au yanayolirithi. Msimamizi anasoma kadi, anaidhinisha, ndipo faili lenyewe linapakuliwa. Kompyuta za wafanyakazi nazo hubisha hodi kwenye seva, kwa kawaida kila baada ya saa 22 au pungufu yake, kuuliza kama kuna jipya.

Sasa, kadi hizo hazigandi. Microsoft inaweza kuiandika upya kadi ya sasisho la zamani, na sasisho likabaki na jina lilelile na namba ileile, isipokuwa namba ya toleo la kadi imepanda. Kiraka cha mwaka juzi kinaweza kuibuka leo kwenye orodha kama mgeni aliyebisha hodi asubuhi, kumbe kilichobadilika ni mstari mmoja wa maelezo. Yapo pia makosa ya nyumbani. Msimamizi akitia alama kwenye bidhaa ambayo hakuwahi kuifuatilia, seva inaleta historia yote ya bidhaa hiyo, viraka vya miaka kumi vikimwagika kwa mpigo. Na kiraka kipya kikiondolewa kwa sababu ya kasoro, kile cha zamani kilichokuwa kimestaafishwa kinaweza kurudi kazini, maana mrithi wake hayupo tena.

Kadi iliyoandikwa upya ndiyo kiini cha mkasa wa Desktop Search. Ile kadi ya Februari ilisema sasisho ni kwa mashine ambazo tayari zina programu hiyo, na walioidhinisha waliidhinisha jambo hilo tu. Oktoba Microsoft ikaibadili ili sasisho liweze kwenda hata kwenye mashine ambazo hazijawahi kuwa nayo. WSUS, kwa mpangilio wake wa kawaida, huchukulia kwamba sasisho lililoidhinishwa likipata kadi mpya, idhini ya zamani inahamia humo. Msimamizi hakuulizwa. Microsoft ilieleza kilichotokea na kusikitikia usumbufu, lakini ni vigumu kuwalaumu waliokasirika: walitia saini mkataba mmoja, wakaletewa mwingine wenye saini yao.

Kabla vumbi halijatulia, Novemba 11, Microsoft ilibadilisha jina la kundi moja la bidhaa zake za usalama za Forefront ikaandika neno Nitrogen ndani ya alama za nukuu. Katika WSUS alama hiyo ni mwiko. Seva zilipoivuta kadi hiyo, konsoli za usimamizi ziligoma na kutoa ujumbe wa hitilafu. Kundi moja la bidhaa, alama mbili za nukuu, na wasimamizi wakaanza Jumatatu yao bila kuona orodha ya viraka vyao.

Mkasa wa Septemba 30, 2015 ulikuwa wa kuchekesha, kwa asiyehusika. Watumiaji wa Windows 7 walikuta sasisho lililoitwa muhimu, lenye jina la herufi zilizochanganyika kama za mtoto anayechezea kibodi. Wengi waliamini mfumo wa masasisho umevamiwa. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga: mwaka 2012 ilikuwa imegundulika kwamba waundaji wa programu ya kijasusi Flame walighushi cheti cha Microsoft na kujifanya Windows Update. Safari hii lilikuwa sasisho la majaribio lililochapishwa kwa bahati mbaya.

Si kila cha zamani kinachorudi ni kosa. Baada ya mnyoo WannaCry kulipuka Mei 12, 2017 na kuvuruga hospitali za Uingereza, Microsoft ilitoa kwa umma kiraka cha Windows XP, mfumo ambao uliachishwa huduma Aprili 2014. Mwezi uliofuata ikatoa vingine kwa mifumo mikongwe, pamoja na mwongozo uliowakumbusha watu kuziba matundu ya zamani, mojawapo likiwa lile la mwaka 2008 lililotumiwa na mnyoo Conficker. Msimamizi aliyeona jina la XP kwenye orodha yake mwaka 2017 alikuwa na haki ya kufikicha macho, lakini lilikuwa hapo kwa makusudi.

Mwaka 2024 mambo yaligeuka: ukongwe ukaingia ndani ya kompyuta huku orodha ikionekana safi. Agosti, kwenye mkutano wa usalama wa kompyuta wa Black Hat huko Las Vegas, mtafiti Alon Leviev wa kampuni ya SafeBreach alionyesha jinsi mfumo wa masasisho wa Windows unavyoweza kulazimishwa kurudisha mafaili ya zamani yenye matundu, huku kompyuta ikiendelea kujitangaza kwamba ina viraka vyote. Mwezi mmoja baadaye Microsoft ikakiri jambo lililofanana na hilo, safari hii bila mshambuliaji kutia mkono. Katika toleo la kwanza la Windows 10, lile la Julai 2015 ambalo bado lilihudumiwa kwa wateja wachache, namba za matoleo zilikuwa zimepanda hadi kufikia kiwango kilichoamsha kasoro katika programu inayosimika masasisho. Kuanzia kiraka cha Machi 2024, baadhi ya vipengele vya hiari vilirudishwa katika hali yake ya mwaka 2015. Kadiri mtu alivyokuwa mwangalifu kusasisha ndivyo alivyozidi kurudi nyuma. Marekebisho yalitoka Septemba 10.

Mwezi huohuo Microsoft ilitangaza kwamba WSUS haitaongezewa uwezo mpya, ingawa itaendelea kufanya kazi. Seva nyingi zikabaki palepale zilipokuwa. Oktoba 14, 2025 kilitoka kiraka cha kuziba tundu ndani ya WSUS yenyewe, CVE-2025-59287, lililopewa alama 9.8 kati ya 10 kwa ukali, maana liliweza kumpa mgeni wa mbali uwezo wa kuendesha maagizo yake kwenye seva. Kiraka hicho hakikuziba tundu lote. Oktoba 23 ikabidi kitolewe kingine nje ya ratiba, na mashambulizi yakaanza kuonekana karibu wakati huohuo. Wasimamizi ambao hawakuweza kukisimika mara moja walishauriwa wazime huduma ya WSUS au wafunge milango 8530 na 8531, ambayo kompyuta za ofisi huitumia kubisha hodi, na mpaka seva itengenezwe kompyuta hizo zikae bila kupokea kiraka chochote kutoka kwake.