Kumtafuta Babu Katika Karatasi za Keya

Katika nyumba nyingi za nchi yetu kimo kitu kimoja cha zamani ambacho watoto hukatazwa kukichezea. Kwetu Ukambani kitu hicho kilikuwa mkebe wa bati uliokaa juu ya kabati ya babu, na ndani yake mlikuwa na nyota mbili za rangi ya shaba, nishani moja ya mviringo, picha iliyofifia, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Babu alifariki mwaka 1986 bila kutueleza hata kimoja cha vitu hivyo. Nilikuwa kijana wakati huo, nami, kama vijana wengi, nilidhani kwamba wazee hawaishi.

Nataka kukusimulia, msomaji, jinsi nilivyomtafuta babu yangu wakati alipokuwa hayupo tena. Huenda nawe unao mkebe kama huo kwenu, na aliyeuacha ni babu wa baba yako au wa mama yako. Usiutupe.

Babu alikuwa Keya. Jina hilo wazee wetu walilifanya kutokana na herufi tatu za Kiingereza zilizokuwa kifupi cha jina la jeshi, King's African Rifles. Jeshi hilo liliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vitatu vilivyokuwapo kabla yake katika Afrika ya Mashariki, Uganda na Afrika ya Kati. Maofisa walikuwa Waingereza, na askari walitoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasa. Watu wa makabila mengi kiasi hicho walihitaji lugha moja, na lugha hiyo ilikuwa Kiswahili. Lakini Kiswahili cha Keya kilikuwa cha namna yake, kikavu, chenye amri nyingi na adabu chache. Tulipokuwa watoto tulimcheka babu alipotutuma kisimani kwa sauti ya kambini, akikata maneno kama mtu anayepasua kuni. Leo nasikitika kwa kicheko kile.

Jambo la kwanza nililoligundua lilimkasirisha ami yangu. Yeye alikuwa amezoea kusimulia arusini jinsi babu alivyopigana na Waitaliani huko Moyale, na jinsi alivyoingia Addis Ababa kwa miguu. Ni hadithi nzuri, na vita vyenyewe vilikuwa vya kweli. Waitaliani waliingia vitani Juni 1940, wakauteka Moyale mwezi uliofuata. Mwaka 1941 majeshi ya Uingereza, pamoja na Keya wengi, yalitoka Kenya yakapita Somalia, na mji wa Addis Ababa ukaingiwa tarehe 6 Aprili. Waitaliani wa mwisho walijisalimisha Gondar mwezi wa Novemba mwaka huohuo. Lakini ile karatasi iliyokunjwa mara nne, iliyokuwa cheti chake cha kuachwa jeshini, ilisema kwamba babu aliandikwa mwaka 1942. Gondar ilikuwa imekwisha kuanguka. Tena, aliyepigana Habeshi alistahili kupewa nyota iitwayo ya Afrika, yenye utepe wa rangi ya mchanga, na katika mkebe nyota hiyo haikuwamo. Nyota zilizokuwamo zilikuwa ile ya vita vyote vya 1939 hadi 1945, na ile ya Bama, nchi ambayo leo huitwa Myanmar.

Nilimwonyesha ami karatasi. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama nimekwenda shule ili nije nimvue marehemu nguo. Nilinyamaza. Lakini hata leo nadhani kwamba kumpa mtu vita visivyokuwa vyake ni kumnyang'anya vile alivyovipigana.

Kosa la pili lilikuwa langu mwenyewe. Juu ya cheti palikuwa na nambari 11. Nilikuwa nimesoma kwamba Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ndiyo iliyopelekwa Bama, nikafurahi, nikaacha kutafuta. Mwaka mzima ulipita kabla sijaangalia vema na kuona kwamba karibu na nambari ile palikuwa na herufi K ndani ya mabano. Herufi hiyo ilikuwa ya Kenya, na nambari ilikuwa ya batalioni, si ya divisheni. Batalioni ya 11 ya Kenya, pamoja na ya 26 ya Tanganyika na ya 34 ya Uganda, zilifanya Brigedi ya 25, nayo brigedi ilikuwa sehemu ya Divisheni ya 11. Nambari zilikuwa zimefanana kwa bahati tu. Tofauti hii yaweza kuonekana ndogo, lakini divisheni ina maelfu ya watu, na batalioni ina mamia. Anayemtafuta mtu mmoja hana budi kulijua kundi dogo. Kwa hiyo ukilipata cheti cha babu yako, soma kwanza nambari yake ya askari na jina la kikosi, na usome hata mabano.

Basi sasa nilijua njia aliyopita. Divisheni ile ilikusanyika katika kisiwa cha Silani mwaka 1943, ikafanya mazoezi ya vita vya msituni, na kiangazi cha mwaka 1944 ikapelekwa mpakani mwa Uhindi na Bama. Wajapani walikuwa wamejaribu kuingia Uhindi, wakashindwa Imphal na Kohima, na Jeshi la Kumi na Nne chini ya Jenerali William Slim lilikuwa likiwafukuza. Kazi ya kuwafuata katika bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa ilipewa watu wetu. Beji yao mabegani ilikuwa kichwa cha kifaru, na katika picha ya mkebeni, ukiitazama kwa kioo cha kukuza, pembe ya mnyama huyo inaonekana bado kwenye mkono wa babu. Amevaa kofia pana ya kitambaa kigumu, na hacheki.

Bonde la Kabaw lilikuwa na sifa mbaya hata kabla ya kufika Keya. Mwaka 1942 wakimbizi wengi waliokuwa wakiwakimbia Wajapani walipita huko wakafia njiani kwa njaa na maradhi. Mvua ilipoanza barabara zilikuwa tope, malori yakazama, na askari wakawa ndio wachukuzi. Malaria iliwaangusha watu wengi sana, na homa nyingine iletwayo na wadudu wadogo wa majanini iliwaua wengine. Chakula na risasi vilidondoshwa kutoka angani kwa miavuli, na siku ambazo mawingu yalifunga, ndege hazikuonekana. Hata hivyo waliendelea kushuka kusini, brigedi moja kwa njia ya bonde na nyingine kwa upande wa mto Chindwin, wakauteka mji wa Kalewa tarehe 2 Desemba 1944. Hapo wahandisi walijenga daraja la vyuma vya kuungwa lenye urefu wa futi 1,154, na nyuma ya Keya jeshi zima likavuka kwenda Bama ya kati. Divisheni ya 11 ikarudishwa Uhindi kupumzika. Magazeti ya Ulaya yalisema zaidi juu ya waliovuka.

Sasa naja kwenye jambo lililonishika kuliko yote. Kabla hajafa, nyanya yangu aliniambia kwamba usiku wa mvua kubwa babu alikuwa akiamka na kuita jina la mtu. Lilikuwa jina la kijana wa kilima cha pili, aliyekwenda naye siku moja kuandikwa jeshini, na ambaye hakurudi. Sitaliandika hapa, kwa kuwa ni mali ya jamaa zake. Kwao walijua kwamba alizama baharini.

Habari hiyo haikuwa ya kushangaza. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na manowari ya Kijapani iendayo chini ya maji, karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa dakika chache tu. Walikufa watu 1,297, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Nadhani ndiyo sababu, kwa miaka mingi, katika vijiji vyetu kila aliyepotea ng'ambo alihesabiwa kuwa aliliwa na bahari.

Nilikwenda Nairobi, katika makaburi ya vita yaliyo kando ya barabara ya Ngong. Huko pana ukumbusho wa Afrika Mashariki ulioandikwa majina ya waliozama katika meli hiyo, na ya wengine waliokufa Habeshi, Somalia na Bukini bila kaburi linalojulikana. Nilisoma jina kwa jina tangu asubuhi hadi jua likawa utosini. Jina la kijana yule halikuwamo.

Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa mwaka 1917, ina orodha ya marehemu ambayo mtu yeyote aweza kuiangalia bila malipo. Nililipata jina katika orodha hiyo, pamoja na jina la wilaya yetu. Kikosi: Batalioni ya 11 ya Kenya. Mahali: ukumbusho wa Rangoon, katika makaburi ya Taukkyan, ambako yameandikwa majina ya askari karibu 27,000 wasio na kaburi. Hakuzama, basi. Alifika Bama, akafa huko mwishoni mwa mwaka 1944.

Na hapa ni haki kusema jambo moja. Kijana yule alikuwa na bahati ya kuandikwa. Katika vita vya kwanza vya 1914 hadi 1918 askari na wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa maelfu na maelfu, na wengi wao hawana jina popote. Mwaka 2021 tume hiyohiyo ilikiri kwamba marehemu wasiopungua 116,000 wa dola ya Kiingereza, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tunazo sanamu zao jijini Nairobi, katika barabara ya Kenyatta. Nyuso tatu zimewekwa badala ya watu wote hao.

Mpwa wangu alikuwa akisoma London. Nilimwomba aende Kew, mahali zinapohifadhiwa nyaraka za serikali ya Uingereza, aifungue shajara ya vita ya batalioni. Kila batalioni iliandika shajara siku kwa siku, na zile za Bama zimo katika fungu liitwalo WO 172. Aliniletea picha za kurasa ishirini na tatu. Mvua. Njia imefungwa. Kikundi cha doria kimetoka, kikundi kimerudi. Maofisa wanatajwa kwa majina, hata walipokwenda likizo. Katika siku aliyokufa kijana wa kilima cha pili umo mstari mmoja, nao unasema kwamba askari wawili Waafrika wameuawa na mmoja amejeruhiwa. Sitamlaumu sana mwandishi, kwa maana shajara za askari wa Kiingereza zenyewe mara nyingi ziliwahesabu watu wa chini kwa tarakimu. Lakini niliusoma mstari ule mara nyingi.

Babu alirudi Kenya mwaka 1946. Zaidi ya Waafrika 300,000 wa Afrika Mashariki walikuwa wamevaa sare katika vita hivyo. Walipoachwa, malipo yao yalipimwa kwa rangi ya ngozi, hata askari mweupe wa makoloni haya akapata karibu mara tatu ya mweusi wa cheo chake. Na wakati huohuo serikali ilikuwa ikiwatafutia Wazungu waliotoka vitani mashamba ya kukaa katika nyanda za juu. Wengine hawakuvumilia. Waruhiu Itote, aliyekuwa Keya huko Bama, aliingia msituni akajulikana kwa jina la Jenerali China. Babu alinunua ng'ombe wawili akanyamaza.

Mwaka 2014 nilipiga chapa ukurasa wa orodha, nikapanda kilima cha pili. Aliyebaki katika nyumba ile alikuwa dada mdogo wa marehemu, mwanamke wa miaka themanini na zaidi. Nilimsomea yote.

"Basi hakuzama?" aliniuliza.

"Hakuzama, Nyanya."

"Na babu yako alikuwapo?"

Nikamjibu kwamba batalioni ilikuwa moja, na kwamba karatasi hazisemi zaidi. Alikaa kimya, kisha akaniambia kwamba mama yao alimwuliza babu mara moja tu, siku aliporudi, naye akajibu kwamba walitenganishwa Mombasa na hakumwona tena. Lakini kila mwaka wakati wa mavuno, mpaka alipokufa, alipanda kilima na gunia la kunde, akaliweka mlangoni. Alikaribishwa kila mara, na hakukaa hata mara moja.

"Tulidhani ni wema tu," akasema.

Akaichukua karatasi mkononi mwangu, akaigeuza kama anayetafuta kitu nyuma yake, akanirudishia. Hakujua kusoma. Akaniomba nilisome jina tena, polepole.