Msiba Unaokaliwa na Msiba Unaosafiri: Wafiwa Njiani katika Riwaya na Filamu

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya wafiwa wanaosafiri mbali katika riwaya na filamu tangu 1930 hadi 2021. Yanadai kwamba kuna mikondo miwili inayochanganywa mara nyingi: safari inayodaiwa na maiti na safari inayotafutwa na mfiwa mwenyewe. Makala yanaeleza sababu za kihistoria zilizoutenga mkondo wa pili na wa kwanza, kisha yanarejea katika safari halisi iliyopita Afrika Mashariki mwaka 1873 na 1874, ambayo imeingia katika riwaya ya Kiingereza huku maneno ya walioibeba kwa Kiswahili yakiwa hayakuhifadhiwa. Mwisho yanatoa mapendekezo kwa watunga sera wa lugha na wa mitaala.

1. Utangulizi

Katika Kiswahili, msiba hukaliwa. Watu hukaa matanga mpaka siku ya kuanua matanga, na mjane wa Kiislamu hukaa eda kwa miezi minne na siku kumi. Katika utaratibu huu anayetembea si mfiwa. Wanaotembea ni ndugu, majirani na marafiki wanaokuja kuhani, na njia zote huelekea kwake. Kwa hiyo kukaa kwake si uvivu wala udhaifu. Ni kazi aliyopewa na jamii, na jamii inamlipa kwa kumjia.

Riwaya na filamu nyingi zilizopata umaarufu duniani katika miongo ya karibuni zinasimulia kinyume cha hayo. Mfiwa anafunga mlango, anaondoka, na anasafiri mamia ya kilomita. Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuuliza: mfiwa huyu aliinuka lini, na kwa nini? Swali hili lina uzito kwetu, kwa sababu hadithi hizo zinafika katika madarasa na maktaba zetu zikiwa zimebeba fundisho kwamba huzuni hutibiwa kwa kuondoka.

2. Maiti inayodai njia

Mkondo wa kwanza ni wa kale. Katika Iliadi ya Homeri, mfalme Priamu anavuka usiku hadi kambi ya adui ili aukomboe mwili wa mwanawe Hektori. Anasafiri kwa sababu maiti haijazikwa, na asingepumzika kabla ya kuizika. Utenzi wa Gilgameshi wa Mesopotamia unatoa mfano tofauti: baada ya kifo cha Enkidu, Gilgameshi anaondoka kutafuta uzima usiokoma, akiogopa kwamba yeye pia atakufa. Katika kisa cha kwanza safari inamtumikia aliyekufa. Katika cha pili inamtumikia aliye hai. Tofauti hii inatosha kupanga kazi nyingi zilizofuata.

Riwaya ya William Faulkner, As I Lay Dying, iliyotoka mwaka 1930, ni ya mkondo wa Priamu, lakini imeondolewa heshima ya kifalme. Familia maskini ya Bundren, huko Mississippi, inabeba jeneza la Addie kwa mkokoteni hadi mji wa Jefferson, alikotaka kuzikwa. Mafuriko yamebomoa madaraja, joto ni kali, na maiti inaharibika. Zaidi ya hayo, kila msafiri ana haja yake ya siri mjini: baba anataka meno ya bandia, binti anatafuta dawa ya kutoa mimba. Faulkner anaigawa hadithi kwa wasimulizi 15, na hakuna hata mmoja mwenye huzuni tupu. Hapa ndipo penye mchango wake: kwamba wajibu kwa marehemu unaweza kutimizwa na watu ambao nia zao zimechanganyika, na bado ukabaki wajibu.

Kazi mbili za baadaye zinaonyesha jinsi mkondo huu unavyoifichua dola. Filamu ya Kuba, Guantanamera, ya Tomás Gutiérrez Alea na Juan Carlos Tabío (1995), ilitengenezwa wakati wa uhaba mkubwa wa mafuta. Ofisa mmoja anabuni mpango wa kusafirisha maiti kwa kupokezana magari mkoa kwa mkoa, ili kila mkoa ubebe sehemu yake ya gharama ya mafuta. Mpango unaonekana vizuri kwenye karatasi, ila waliofiwa wanageuka kuwa kifungu cha hesabu. Riwaya ya Khaled Khalifa kuhusu Syria, iliyotoka kwa Kiarabu mwaka 2016 na ambayo jina lake lina maana ya kuwa kifo ni kazi ngumu, inawafuata ndugu watatu wanaopeleka mwili wa baba yao kutoka Damascus hadi kijijini kwao karibu na Aleppo. Safari ambayo wakati wa amani ni ya saa chache inachukua siku kadhaa, na katika kizuizi kimoja wanajeshi wanaizuia maiti kwa kuwa jina la marehemu lingali katika orodha ya wanaotafutwa.

Katika kazi zote hizi maiti haisubiri. Kuoza kwake ndiko kunakoweka mwendo wa hadithi, na ndiko kunakofanya kila daraja, kituo na ofisi kuwa mtihani.

3. Majivu yanayosubiri

Mkondo wa pili ulipata nguvu pale maiti ilipoacha kuoza. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1902 iliweka utaratibu wa kuchoma maiti, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 waliochomwa walikuwa wengi kuliko waliozikwa. Marekani ilifikia hatua hiyo katikati ya miaka ya 2010. Mabadiliko haya hutazamwa kama suala la afya ya mji, ardhi au imani. Kwa mwanahistoria wa fasihi ni badiliko la wakati wa masimulizi. Majivu yanaweza kukaa kabatini mwaka mzima. Mfiwa haharakishwi tena na mwili, na mgogoro wa hadithi unahama kutoka barabarani na kuingia nafsini.

Last Orders ya Graham Swift, iliyopata Tuzo ya Booker mwaka 1996 na kufanywa filamu mwaka 2001, ipo kwenye mpaka wa mikondo hii miwili. Wanaume wanne wanapeleka majivu ya rafiki yao Jack, muuza nyama wa Bermondsey, London, ili wayamwage baharini Margate. Umbali ni mfupi, lakini wanasimama kila mahali, kwa kuwa hakuna kinachowaharakisha. La kuangaliwa zaidi ni kwamba mjane, Amy, anakataa kwenda. Siku hiyo anamtembelea binti yao anayeishi katika taasisi ya walemavu, ambaye Jack hakumjali maisha yake yote. Swift anamwachia mjane uamuzi wa kutosafiri, na uamuzi huo una uzito sawa na safari ya wanaume.

Filamu ya The Way ya Emilio Estevez (2010) inakwenda mbali zaidi. Daktari Mmarekani anafika Ufaransa kuchukua mwili wa mwanawe aliyefia milimani mwanzoni mwa njia ya mahujaji iendayo Santiago de Compostela. Anaamua mwili uchomwe, kisha anaitembea njia hiyo mwenyewe akiwa na majivu begani. Katika Nomadland ya Chloé Zhao (2020) hakuna hata majivu ya kupeleka popote: Fern amefiwa na mume, na mji wao wa kiwanda umekufa pia, hivyo anaishi ndani ya gari na kufuata vibarua vya msimu. Drive My Car ya Ryusuke Hamaguchi (2021) inamchukua mjane mwanamume na dereva wake kijana kutoka Hiroshima hadi Hokkaido, kwenye magofu ya nyumba ambamo mama wa dereva alifia. Hakuna wanachokwenda kufanya huko ila kukiri.

Kazi hizi ni nzuri, na sizitaji ili kuzidharau. Hata hivyo, zina sharti ambalo halitajwi: mfiwa wake yuko peke yake, na hakuna wanaomjia kuhani. Anasafiri kwa sababu akikaa, atakaa na kuta. Tukizifundisha bila kulieleza sharti hilo, tutakuwa tumechukua dawa bila kuuliza ugonjwa ulioifanya ihitajike.

4. Kutoka Chitambo hadi Bagamoyo

Afrika Mashariki ina safari yake ya aina hii, na ni ya kihistoria. David Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wa msafara wake, miongoni mwao Abdullah Susi, James Chuma na Jacob Wainwright, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, kisha wakaubeba hadi pwani. Safari ilipita kilomita 1,500 na kuchukua takriban miezi tisa. Walipofika Unyanyembe, ofisa Mwingereza Verney Lovett Cameron aliwashauri wazike hapohapo, walikataa. Mbele zaidi, wenyeji walipopinga maiti kupita katika nchi yao, walifunga mabua katika umbo la mtu na kuwatuma wenzao warudi nayo kana kwamba wanakwenda kuzika. Mwili wenyewe waliufunga upya kama mtumba wa nguo na kuendelea na njia. Walifika Bagamoyo Februari 1874, na tarehe 18 Aprili mwaka huo Livingstone alizikwa Westminster Abbey, London.

Kwa vigezo vya makala haya, hii ni safari ya mkondo wa Priamu: maiti inadai njia, na njia inafichua hali ya nchi, biashara yake na hofu zake. Lakini je, waliobeba walikuwa wafiwa? Magazeti ya Uingereza yaliwaita watumishi waaminifu, na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia iliwatolea medali ya kusifu uaminifu huo. Wanahistoria wengine wameona sababu za kiutendaji: bila mwili, nani angewaamini kwamba hawakumwua au kumtelekeza? Nani angewalipa ujira wao? Faulkner anatusaidia hapa. Nia zilizochanganyika haziondoi huzuni. Zinatuzuia tu tusiifanye huzuni hiyo kuwa utumwa mtamu.

Riwaya ya Petina Gappah wa Zimbabwe, Out of Darkness, Shining Light (2019), inalishika swali hilo kwa kuwapa usimulizi Halima, mpishi wa msafara, na Jacob Wainwright, kijana aliyesoma shule ya misheni India. Halima anatazama kwa jicho la mtu wa jikoni na wa Unguja. Jacob anatazama kwa jicho la mwongofu anayeandika. Kwa mara ya kwanza wapagazi na wanawake wa msafara wanakuwa watu wenye hasira, mizaha na misiba yao wenyewe.

Lakini lugha yao haimo. Wainwright aliandika shajara yake kwa Kiingereza. Susi na Chuma, walipopelekwa Uingereza baadaye, walitoa ushuhuda kwa mdomo. Ukaingia katika kitabu cha safari za mwisho za Livingstone, kilichohaririwa na Horace Waller na kutolewa mwaka 1874, ukiwa kwa Kiingereza. Kiswahili, lugha iliyouongoza msafara, kupatana hongo na kuamua njia, kimebaki katika maneno machache tu. Haikuwa kwa sababu Kiswahili hakikuandikwa. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, na muda mfupi baadaye yalitoka maisha ya Tippu Tip kwa maneno yake mwenyewe. Hizo zilikuwa safari za biashara na za kazi. Safari ya msiba iliyo kubwa kuliko zote haikuandikwa kwa lugha ya walioisafiri.

5. Nyumbani ni wapi?

Swali la njia ya maiti halikuisha na misafara. Nchini Kenya, wakili S. M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mjane wake, Wambui Otieno, na ukoo wa Umira Kager walibishana mahakamani hadi Mei 1987 kuhusu mahali pa kumzika: shambani kwake karibu na Nairobi au Nyalgunga, Siaya. Ukoo ulishinda. Kesi hiyo iliuliza hadharani ni nani mwenye haki ya kuamua safari ya mwisho.

Yvonne Adhiambo Owuor analiuliza upya katika Dust (2014). Odidi Oganda anauawa kwa risasi Nairobi wakati wa machafuko ya uchaguzi wa 2007, na baba yake na dada yake Ajany wanamrudisha kwao kaskazini, mahali panapoitwa Wuoth Ogik, yaani mwisho wa safari. Hata hivyo, safari haiishi hapo. Mama anakimbilia jangwani, na Ajany anarudi Nairobi kufuata nyayo za kaka yake. Owuor anaiunganisha mikondo yote miwili: kwanza maiti inapelekwa, kisha mfiwa anaondoka, kwa kuwa nyumba yenyewe imejaa vifo vya kisiasa ambavyo havijasemwa. Mahali pasipo ukweli, matanga hayaanuki.

6. Hitimisho na mapendekezo

Historia hii inaonyesha kwamba mfiwa msafiri si tabia moja ya binadamu wote. Huinuka kwa sababu mbili: ama marehemu hajafika mahali pake, ama hakuna jamii ya kukaa naye. Sababu ya kwanza tunaijua vizuri katika ukanda huu. Ya pili inakuja pamoja na miji, uhamaji na vita.

Kutokana na hoja hiyo, makala haya yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, vyombo vya lugha vya kikanda viipe tafsiri ya Kiswahili ya riwaya za Gappah na Owuor nafasi ya mbele katika mipango yao. Peponi, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, imethibitisha kuwa kazi ya namna hii inawezekana na ina wasomaji. Pili, mitaala ya fasihi iyasome masimulizi ya safari ya msiba pamoja na desturi za matanga na eda, ili mwanafunzi aone mifumo miwili ya kuomboleza badala ya mmoja wa kisasa na mwingine wa kizamani. Tatu, vyuo vikuu vikusanye kwa Kiswahili simulizi za watu wanaosafirisha marehemu wao kuvuka mipaka yetu leo: madereva, ndugu, viongozi wa dini na maofisa wa mipakani. Susi na Chuma waliulizwa walichokiona, na jibu likahifadhiwa kwa lugha nyingine. Wanaosafiri sasa bado wanaweza kuulizwa kwa lugha yao.