Leso si ya shosho pekee

Wasee wa Dagoretti Corner, tuongelee jikoni ya bedsita. Mwenye ploti hataki upake rangi, na kabati mpya itakula kodi ya mwezi. Mimi nasema nunua leso, na si juu ya bei tu.

Jina leso limetoka kwa Kireno, lenço, kitambaa cha mkono. Kwenye miaka ya mwisho ya karne ya 19, wanawake wa Zanzibar na Mombasa walinunua vitambaa hivyo kwa jora, wakakata sita na kuviunganisha. Nguo mpya ikazaliwa kwa kitu cha bei ya chini. Wafanyabiashara wakashtuka, wakaanza kuagiza vipande vizima vilivyochapishwa tayari. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lile la "Mali ya Abdulla", lilifunguliwa Mombasa 1887. Maandishi yakaja baadaye.

Kwa hivyo kupamba na pesa kidogo hatukufunzwa na TikTok. Ni akili ya hao mabibi.

Panda mathree ya Ngong Road hadi tao, tembea Biashara Street. Leso huuzwa doti, vipande viwili pamoja. Tenganisha, pinda ncha. Kimoja funika chini ya sinki, kingine dirishani, mbali na moto wa gesi.

Lakini usikate jina, yale maneno yaliyoandikwa. Ukiyatoa, umebaki na maua tu. Mgeni akingoja chai, wacha asome.