Saa ya Sala Redioni, na Wasikilizaji Waliopinga Kugeuziwa Saa



Leo tutasema juu ya jambo linalowagusa wengi wetu tunaokusanyika penye redio moja kijijini. Kipindi cha dini kimesikiwa saa ileile miaka mingi, hata watoto wamekijua. Kisha siku moja twaambiwa: Tangu juma lijalo, kipindi hiki kitakuwa saa nyingine. Je, ni halali Wakristu wapinge?

Kuna wanaosema kwamba Mkristu mwema hunyamaza, na mwenye redio ndiye mwenye saa. Kuna wengine wanaonung'unika njiani na sokoni, lakini hawaendi kwa mtu awezaye kuwasaidia. Sisi twaona ya kuwa wote wawili hawajaishika njia iliyo njema. Basi, tutazame historia, maana wengine walipatwa na jambo hili kabla yetu.

1. Saa za sala tangu zamani

Mungu husikia sala wakati wowote. Hata hivyo, watu wake tangu zamani walijiwekea saa. Danieli, alipokuwa uhamishoni Babeli, alipiga magoti mara tatu kwa siku, wala hakuacha desturi hiyo mfalme alipoikataza. Katika Kitabu cha Matendo ya Mitume twasoma kwamba Petro na Yohane walipanda kwenda Hekaluni saa ya sala, nayo ilikuwa saa tisa. Petro alipanda darini kusali saa sita. Kornelio, yule akida wa Kirumi, alitokewa na malaika saa tisa.

Angalieni vema: saa hizo zahesabiwa kama tunavyohesabu sisi katika Kiswahili, tangu jua linapochomoza. Mgeni wa Ulaya lazima aelezwe kwanza maana ya saa tisa ya Mitume. Mkulima wa Kabare au Walungu aielewa mara moja, kwa kuwa ndiyo saa tisa yake ya kila siku.

Saa ya sala hufanya kazi mbili. Kwanza, humkumbusha mtu asiyekumbuka. Pili, huwaunganisha watu walio mbali mbali. Petro na Yohane hawakwenda peke yao. Walikwenda saa ambayo wengine pia walikuwa wakienda. Mkizishika kazi hizi mbili moyoni, mtafahamu yote yatakayofuata.

2. Redio yaingia katika kazi ya Kanisa

Tarehe 12 Februari 1931, Baba Mtakatifu Pio wa Kumi na Mmoja alifungua Redio Vatikano, iliyotengenezwa na Guglielmo Marconi, fundi mashuhuri wa mambo ya redio. Mwaka 1951 Pio wa Kumi na Mbili alimweka Malaika Gabrieli kuwa msimamizi wa kazi hizi za kupeleka habari mbali. Naye Gabrieli ndiye aliyempelekea Bikira Maria habari iliyo njema kuliko zote. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya vyombo vya habari, ukiwahimiza Wakristu wavitumie kwa kueneza Injili.

Katika nchi ya Ireland, tangu tarehe 15 Agosti 1950, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, redio ya taifa ilianza kupiga kengele ya Malaika wa Bwana saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni. Hivyo redio ikawa kama mnara wa kanisa ambao kengele yake yasikika katika nchi nzima. Na kengele isiyojulikana saa yake, itamkusanya nani?

3. Habari za Uingereza

Mfano ulio wazi kuliko yote tumeuona kwa ndugu zetu Waanglikana wa Uingereza, katika redio yao ya BBC.

Mwanzoni hata viongozi wa kanisa waliiogopa redio. Mwaka 1923 mtoto wa mfalme alikuwa akifunga ndoa katika kanisa kubwa la Westminster, London. BBC iliomba kuitangaza ibada, ikakataliwa, kwa hofu kwamba watu wangeisikiliza bila heshima, hata katika vilabu vya pombe, wamevaa kofia zao. Lakini mioyo iligeuka. Tarehe 7 Oktoba 1926, kutoka kanisa lilelile la Westminster, kilisikika kipindi kiitwacho Choral Evensong, yaani Masifu ya Jioni yaimbwayo na kwaya. Kipindi hicho kimeendelea mpaka leo, karibu miaka mia.

Wakati huohuo mwanamke mmoja, Kathleen Cordeux, aliona kwamba wagonjwa na wazee waliofungwa nyumbani wana haja ya ibada ya kila siku. Hakuwa mtu wa cheo. Aliandika barua kwa BBC, akajibiwa kwa mashaka, akaandika tena, akakusanya sahihi za watu wengi. Mwisho, tarehe 2 Januari 1928, saa nne na robo asubuhi, ibada ya kila siku ilianza. Kwa hiyo, tangu mwanzo ibada ile ilitokana na ombi la wasikilizaji wenyewe.

Sasa tuje kwenye shida. Mwaka 1970 BBC ilikuwa ikipanga upya idhaa zake. Katika mpango huo Masifu ya Jioni, yaliyokuwa kila juma, yalipunguzwa yakawa mara moja kwa mwezi. Wasikilizaji hawakunyamaza. Yalifika malalamiko yapata 2,500, na kabla ya mwezi wa Julai kwisha kipindi kilikuwa kimerudishwa kila juma.

Mwaka 2007 yalitokea mageuzi mengine. Kipindi hakikupunguzwa, bali kilihamishwa kutoka Jumatano kwenda Dominika alasiri. Mtu angesema: Dominika ni siku ya Bwana, ni nini kibaya? Lakini fikirini: Dominika alasiri ndipo makanisa mengi makubwa ya huko huimba Masifu yao wenyewe. Mwimbaji aliye kanisani hawezi kusikiliza redio, na kwaya inayotangazwa redioni yaondolewa katika ibada yake ya kawaida. Tena, aliyezoea kuikata juma lake katikati kwa saa moja ya utulivu aliipoteza siku ile. Wakapinga. Mwezi Septemba 2008 kipindi kilirudi Jumatano, nacho kikarudiwa Dominika kwa ajili ya wale wasioweza Jumatano. Huo ulikuwa ufumbuzi wa busara: wa siku ya zamani hawakuachwa, na wa siku mpya hawakufukuzwa.

Lakini tusiwafiche: si kila mara ombi hupewa. Ile ibada ya kila siku iliyoombwa na Kathleen Cordeux ilikaa miaka mingi katika masafa marefu, yaliyopokewa na redio za zamani. Mwaka 2024 BBC ilikomesha vipindi vya pekee katika masafa hayo, na ibada ikahamishiwa idhaa ya Radio 4 Extra, ambayo redio za zamani haziipokei. Hata Redio Vatikano, tarehe 1 Julai 2012, iliacha sehemu kubwa ya matangazo yake ya masafa mafupi na ya kati kwa nchi za Ulaya na Amerika, kwa sababu njia mpya za kusikiliza zilikuwa zimeenea huko. Gharama na mitambo nazo zina neno lao.

4. Habari za Polandi

Huko Polandi, nchi ya Wakatoliki wengi, Misa ya Dominika haikusikika kwa miaka mingi katika redio ya taifa, kwa kuwa serikali ya kikomunisti haikuiruhusu. Mwaka 1980 wafanyakazi wa kiwanda cha meli cha Gdańsk waligoma. Katika madai yao, pamoja na mishahara na chama huru cha wafanyakazi, waliomba pia dini ipewe nafasi katika vyombo vya habari. Mapatano yalitiwa sahihi tarehe 31 Agosti 1980. Tarehe 21 Septemba mwaka uleule, Misa Takatifu ilitangazwa kutoka Kanisa la Msalaba Mtakatifu, Warsaw.

Tazameni: mafundi wa vyuma, wenye njaa na wenye hofu ya kufungwa, waliiweka Misa ya wagonjwa katika orodha moja na mkate wa watoto wao. Hawakuiona saa ya sala kuwa jambo dogo.

5. Kwa nini saa ni jambo zito kwetu

Hapa Kivu mambo hayo twayafahamu bila kufundishwa. Nchi yetu ina saa mbili: Kinshasa ikiwa saa kumi na mbili jioni, Bukavu ni saa moja. Kipindi kilichopangwa vizuri kwa watu wa Kinshasa chaweza kumkuta mtu wa Bukavu akila, au amekwisha kulala.

Tena kila kazi ina saa yake. Mama aendaye shambani hutoka mapema, hurudi amechoka, na jioni yu penye moto. Mvuvi wa sambaza yuko ziwani usiku na taa yake, hurudi pwani alfajiri. Mchungaji huingiza ng'ombe jua linapotua. Mgonjwa yuko kitandani saa zote, lakini anayemwashia redio hayuko saa zote. Betri nazo ni ghali. Watu huwasha redio kwa kipindi wanachokijua, kisha huizima. Hawawezi kuiacha ikisema mchana kutwa, wakingoja kipindi kitokee.

Kwa hiyo anayehamisha kipindi huhamisha mkutano wa watu. Kule mjini, kalamu imefuta mstari mmoja na kuandika mwingine. Kijijini, watu 20 waliokuwa wakikaa pamoja chini ya mwembe wametawanyika, na pengine hawatakusanyika tena. Hivyo wenye kupinga si lazima wawe wakaidi. Mara nyingi wanaililia jumuiya yao.

6. Namna ya kupinga Kikristu

Kanisa lilipokuwa bado changa Yerusalemu, wajane waliosema Kigiriki walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Jamaa zao walilalamika. Je, Mitume waliwakemea? La. Waliwaita waamini wote, wakasema shauri lao, wakachaguliwa watu saba, miongoni mwao Stefano na Filipo. Lalamiko la haki lililetea Kanisa watumishi wapya.

Hivyo ndivyo Kanisa lafundisha mpaka leo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Kanisa ya mwaka 1964, na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 212, zasema ya kwamba waamini wana uhuru wa kuwajulisha wachungaji wao haja zao, na pengine ni wajibu wao, mradi wafanye hivyo kwa heshima na kwa kuangalia faida ya wote.

Basi, ikiwa kipindi chenu kimehamishwa, fanyeni hivi. Kwanza, ulizeni sababu. Pengine ni umeme au gharama. Pili, hesabuni kwa kweli ni nani wamepoteza: wagonjwa wangapi, akina mama wangapi, wavuvi wangapi; msiongeze hata mmoja. Tatu, andikeni barua moja yenye heshima, ipitie kwa padri wenu, ifike kwa wakuu wa redio. Nne, pendekezeni dawa, kama vile kipindi kurudiwa saa nyingine. Tano, jibu likiwa hapana, msiivunje jumuiya. Kaeni palepale, saa ileile, msali Rozari pamoja au msome Injili, hata redio ikiwa kimya.

Maana redio ni msaada tu. Mkristu mwenye afya aliye karibu na kanisa hatosheki na Misa ya redioni, kwa kuwa Komunyo Takatifu haipiti katika waya. Na kituo chaweza kuhamisha kipindi, lakini hakuna awezaye kuihamisha saa ambayo ninyi wenyewe mmeiweka mbele ya Mungu.

Maswali

Swali: Kwa nini waamini walijiwekea saa za sala tangu zamani?
Jibu: Ili wakumbuke kusali, na ili wasali pamoja hata wakiwa mbali mbali.

Swali: Masifu ya Jioni yaliyopunguzwa Uingereza mwaka 1970 yalirudishwaje kila juma?
Jibu: Wasikilizaji wengi walipeleka malalamiko yao kwa wenye redio.

Swali: Mitume walifanya nini waliposikia lalamiko juu ya wajane?
Jibu: Waliwasikiliza waamini, wakaweka watu saba wa kuwahudumia.

Swali: Kunung'unika na kuomba kwa haki vyatofautianaje?
Jibu: Mwenye kunung'unika husema na kila mtu ila yule awezaye kusaidia. Mwenye kuomba kwa haki humwendea anayehusika, kwa heshima na kwa ukweli, akiangalia faida ya wote.