Bunduki ya midomo miwili na alama zake: historia inayotuhusu hapa Kivu

Ndugu wasomaji, na ninyi mnaosikiliza mkiwa mbali na vijiji vyenu, leo tuache kidogo habari za wiki tuzungumze juu ya chuma cha zamani. Hapa Goma watoto wanaweza kutofautisha mlio wa bunduki moja na mwingine hata kabla ya kujua kusoma. Lakini ni wachache waliowahi kusimuliwa bunduki zilifikaje huku, na ni nani aliyeruhusiwa kuzishika.

Tuanze na bunduki moja ya Uingereza ambayo leo watu wa Ulaya huitunza kama pambo: ile ya kuwindia ndege, yenye mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu. Nyuma ya kila mtutu kuna nyundo ndogo ya chuma. Mwindaji huikunja bunduki katikati kama bawaba ya mlango, anatia risasi mbili, anaifunga, kisha anavuta nyundo nyuma kwa kidole gumba. Mitutu ya zile nzuri ilitengenezwa kwa vipande vya chuma laini na chuma kigumu vilivyosokotwa pamoja kama kamba na kufuliwa motoni, mpaka uso wake ukatoa michirizi kama ya maji. Mwaka 1875 William Anson na John Deeley, watu wa kiwanda cha Westley Richards mjini Birmingham, walivumbua mtambo unaoficha nyundo ndani, na taratibu zile za nyundo za nje zikawa za wazee.

Birmingham hiyohiyo ilitengeneza pia bunduki za bei rahisi kwa ajili ya biashara ya Afrika. Hizo ni gobori, ambazo hushindiliwa baruti na risasi mdomoni. Kwa hiyo mji mmoja ulitoa bunduki ya bwana na bunduki ya kubadilishia pembe za ndovu na, kwa muda mrefu, watu.

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yalitia sahihi mkataba mjini Brussels. Ulisemwa kuwa ni wa kukomesha biashara ya watumwa, na kweli sehemu yake kubwa ilihusu hilo. Lakini ndani yake kulikuwa na sheria ya silaha kwa eneo kubwa la Afrika, na Kongo yote ilikuwa ndani ya eneo hilo. Bunduki za kisasa na risasi zake zilikatazwa kuingia. Gobori za gumegume na baruti ya kawaida ziliweza kuruhusiwa. Askari wa serikali hawakuguswa na katazo hilo. Msafiri naye angeweza kupata kibali cha miaka mitano, mradi silaha yake iandikwe na kupigwa chapa, na kibali kitaje jina lake na chapa hiyo.

Angalieni maana yake. Bunduki nzuri ya midomo miwili iliweza kuingia katika mizigo ya mgeni. Mwaka 1899 Waingereza wawili, Ewart Grogan na Arthur Sharp, walipita kando ya Ziwa Kivu na chini ya volkano zetu wakiwinda ndovu. Lakini mwenyeji, ambaye ardhi ni yake na ndovu wanakula shamba lake, aliachiwa gobori. Wakati huohuo askari wa Leopold, waliokuwa wakitisha vijiji kwa ajili ya pembe na mpira, walibeba bunduki za Albini zilizotoka Ulaya.

Kisa cha Charles Stokes kinaonyesha vizuri jinsi damu ilivyopimwa. Mtu huyu alizaliwa Dublin, akaja Afrika Mashariki na misheni ya Kiingereza, kisha akaacha misheni na kuwa mfanyabiashara wa pembe na bunduki. Mwishoni mwa mwaka 1894 askari wa Leopold walimkamata katika misitu ya mashariki mwa Kongo, wakimshitaki kwamba aliwauzia silaha maadui wa serikali. Kapteni Lothaire alimhukumu na kumnyonga Januari 1895, bila nafasi ya kukata rufaa. Ulaya iliwaka moto. Serikali ya Leopold ililipa fidia kwa Uingereza na kwa Ujerumani. Lothaire alipelekwa mahakamani Boma, kisha Brussels, na kote akaachiliwa.

Kwa mfanyabiashara mmoja wa bunduki, serikali tatu ziliandikiana barua na mahakama mbili zilikaa. Kwa watu waliopigwa kwa bunduki zenyewe, za wafanyabiashara na za askari, nani alifungua faili?

Hapo ndipo chuma cha zamani kinapotufundisha jambo. Bunduki ya Uingereza haiuzwi kihalali kabla ya mitutu yake kujaribiwa na kupigwa alama. London ilianza kazi hiyo katika karne ya 17, na Birmingham ilipata nyumba yake ya majaribio mwaka 1813. Hata leo fundi akiishika bunduki ya miaka 140 husoma alama zile na kusema ilijaribiwa wapi, na mara nyingi pia katika miaka ipi. Ni cheti cha kuzaliwa kilichochapwa kwenye chuma.

Silaha za sasa nazo zina namba. Itifaki ya Nairobi ya 2004 na Mkataba wa Kinshasa wa 2010 zinadai silaha ndogondogo zipigwe chapa na kuandikwa, ili ijulikane zilitoka kwa nani na zilipitia wapi. Ni wazo lilelile la 1890, lakini safari hii limeandikwa pia na Waafrika, na shabaha yake ni kumlinda raia.

Kwa hiyo familia iliyokimbia Masisi au Rutshuru ina haki ya kuuliza zaidi ya «nani alifyatua?» Inaweza pia kuuliza: silaha hiyo ilitengenezwa wapi, nani aliinunua, ilivuka mpaka gani, nani alitia sahihi? Maswali hayo yana majibu, na baadhi yake yamechapwa kwenye chuma.

Neno la mwisho kwa wazazi: ukikuta bunduki, risasi au bomu shambani, usiiguse wala usimwache mtoto aisogelee, hata kama ni ya zamani na imeshika kutu. Weka alama mbali nayo, uwaonye majirani, na uwaite wanaohusika na kutegua mabomu. Na mliyoyaona wakati wa kukimbia, yaandikeni: siku, mahali, majina ya waliokufa. Stokes ana faili lake Brussels. Watu wetu nao wanastahili la kwao.