WALIOLAINISHA MBAO ZA MBULU NA HANANG: STORI YA RANDA NA MAFUNDI WASIOTAJWA

Ukienda kununua maranda ya kutandika banda la kuku, kumbuka jina hilo limezaliwa na kifaa kimoja tu: randa.

Randa ni ya kitambo sana, mdau. Warumi walikuwa nayo, zimefukuliwa hadi Pompeii, mji uliofukiwa na volkano mwaka 79. Jina lenyewe ni mgeni: Waajemi na Wahindi wanaita karibu hivyohivyo. Hii ya chuma iliyozoeleka karakana inatokana na ubunifu wa Mmarekani Leonard Bailey, ambaye biashara yake ilinunuliwa na Stanley mwaka 1869.

MBULU ILIKUWAJE?

Wairaqw walijenga tembe zilizochimbwa ubavuni mwa kilima, paa la udongo juu. Adui wa kuja kuiba ng'ombe anaweza kupita asijue kuna watu chini. Akili kubwa! Lakini nyumba ile ilitaka nguzo na shoka, siyo mbao laini. Upande wa Hanang, Wabarabaig walikuwa wafugaji, utajiri wao ulitembea kwa miguu minne. Kabati la nini?

Misheni na serikali zikaja na mahitaji mapya. Kanisa linataka mabenchi, shule inataka madawati, hospitali inataka milango. Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Norwei, ilifunguliwa mwaka 1955. Majina ya wamisionari yanajulikana. Ya vijana walioshika randa, nani anayakumbuka?

KAZI YENYEWE SIYO NGUVU

Wengi wanadhani kupiga randa ni kusukuma tu. Wapi! Kazi kubwa iko kwenye kuitega.

Kwanza kisu. Kinanolewa kwenye jiwe kwa mlalo wa nyuzi 25 hadi 30, na mgongo wake unasuguliwa mpaka uwe bapa. Juu yake kinafungwa kile chuma cha kukunja maranda, nyuma ya makali kama milimita 1 hivi. Halafu randa inapinduliwa, fundi anachungulia tumboni: makali yachomoze unene wa unywele, kushoto na kulia sawa. Yakizidi, inang'ata na kung'oa vipande.

Kisha mbao inasomwa nyuzi zake zinaelekea wapi, na fundi anazifuata. Akienda kinyume zinanyanyuka na uso unachanika. Mkono wa mbele unakandamiza mwanzoni, wa nyuma unakandamiza mwishoni, la sivyo ncha za mbao zinaliwa.

Dalili ya kufaulu? Maranda membamba yanayojikunja kama utepe.

KWA NINI BADO INA MAANA?

Ni kweli, mashine inamaliza kwa dakika kazi ya nusu siku. Lakini mlango ukivimba masika na kugoma kufunga, nani ataubeba mpaka mashineni? Hapo ndipo fundi wa randa anaitwa.

Desemba 3, 2023, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikashuka hadi Katesh, zaidi ya watu 80 wakafariki na nyumba zikasombwa. Kuanza upya baada ya janga lile siyo tofali na bati tu. Familia iliyopoteza kila kitu inataka mlango unaofunga vizuri usiku ili ilale.

Mlango huo una fundi, na ujuzi wake haurithiwi kwa kutazama video. Wazee wakiondoka bila vijana kushika randa, unaondoka nao.

Mtaani kwenu bado yupo anayepiga randa kwa mkono? Tiririka hapo chini.